Ardhi iliyookolewa na mafuriko

Kila mwaka ikifika katikati ya Machi, Nashville hunuka samaki. Mara ya kwanza nilidhani kosa ni langu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, samaki aliyelala namtambua nikiwa nimefumba macho, basi nikapekua jokofu, nikamwaga taka, nikapiga deki jiko zima. Harufu ikabaki palepale. Jirani akanicheka, akanivuta dirishani na kunionyesha mti uliopandwa mbele ya jengo letu, mweupe pe kwa maua, mzuri kama bibi harusi. Ulikuwa ni huo unaonuka.

Unaitwa peasi la Bradford, na hauzai peasi la maana. Wajenzi wa nyumba za Kusini mwa Marekani waliupenda tangu miaka ya 1960 kwa sababu hukua upesi, na nyumba mpya iliyozungukwa na miti huuzika kuliko iliyosimama juu ya tope tupu. Ukapandwa kila mahali palipojengwa, ukakutana na ndugu zake, ukaanza kuzaa hovyo, leo umejaa hadi kwenye mapori. Ohio na South Carolina wamepiga marufuku kuuuza. Hapa Tennessee bado upo, na ndio unaotangulia kuchanua, kwa hiyo kwangu mimi majira ya kuchipua huanza na harufu ya soko la samaki la Deep Sea kule Tanga, saa saba mchana.

Kwenye kalenda majira haya huanza Machi 20. Kwa wenyeji huanza, hukatika, huanza tena. Joto likishapanda, mti wa redbud hutoa maua ya zambarau juu ya matawi yasiyo na jani hata moja. Ukishafurahi, baridi inarudi. Hiyo ni baridi ya redbud. Halafu dogwood huchanua, baridi tena: baridi ya dogwood. Mwezi wa Mei, vichaka vya miiba vimejaa maua meupe na wewe umeshaweka makoti kabatini, unashtuka usiku mmoja meno yanagongana. Ni baridi ya blackberry, na wazee wa hapa hawapandi mbegu laini kabla haijapita. Watu wanaoipa kila baridi jina lake niliwaelewa upesi. Kwetu pia mvua haikuwa mvua tu. Kulikuwa na ya masika, ya vuli, na ile ya mchoo inayokuja kama mgeni asiye na mizigo.

Aliyenifundisha majina hayo ni mzee ninayelima naye. Namwita Mzee, na baada ya miaka yote hii nashuku anadhani nimempa jina jipya. Ni Mmarekani mweusi, mstaafu, mzaliwa wa North Nashville. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa karibu na Jefferson Street, mtaa uliokuwa na maduka na kumbi za muziki za watu weusi, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 barabara kuu ya I-40 ilipopitishwa katikati yake. Wakazi walikwenda mahakamani wakashindwa. Mzee hasimulii sana. Siku moja tu, tukiwa kwenye foleni juu ya barabara hiyohiyo, aligonga dashibodi kwa kidole akaniambia, "Sebule yetu ilikuwa hapa chini."

Shamba letu ni vipande vidogo vidogo upande wa kusini mashariki wa mji, si mbali na kijito cha Mill Creek. Tunalima sisi wawili, mama mmoja wa Bukavu, familia ya Warundi na watu wengine wanaokuja na kupotea. Mchicha, ambao wale wa Kongo na Burundi wanauita lengalenga, na matembele, kunde, bamia, sukuma wiki. Kwenye bamia na sukuma Mzee hahitaji kufundishwa na mtu. Anapika collards zake, ambazo ni sukuma wiki tupu, kwa mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, mimi napika zangu kwa nazi, na kila mmoja wetu anaamini mwenzake anaharibu mboga.

Ardhi hiyo ilikuwa na nyumba. Ukichimba karibu na uzio unakutana na kipande cha kigae, na mahali pamoja bado kuna ngazi mbili za zege zinazopanda kwenda hewani. Mei 1 na 2, 2010, Nashville ilinyeshewa zaidi ya inchi 13 kwa siku mbili, yaani zaidi ya milimita 330, mvua inayozidi ya Aprili nzima Dar es Salaam. Mto Cumberland, unaopita katikati ya mji, ulifika futi 51.86, karibu meta 16. Mill Creek ulifurika kwanza. Ile video iliyozunguka dunia, ya darasa la kuhamishika la shule likielea juu ya barabara kuu ya I-24 na kugonga magari mpaka likavunjika mbao kwa mbao, ilichukuliwa huku kwetu.

Mimi nilifika Agosti ya mwaka huo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika hoteli kubwa iliyokuwa imeingiwa na maji kiasi cha futi 10 na kujiandaa kufunguliwa tena Novemba. Kila ukuta ulikuwa mpya, kila zulia jipya, na bado siku za unyevu harufu ya tope ilikuwa inapanda kutoka mahali fulani. Kwenye saiti hiyo nilianza kuwabebea mafundi umeme ngazi na mapipa ya nyaya, na kutoka hapo sijatoka tena kwenye umeme. Kwa hiyo nisijifanye mtazamaji wa pembeni katika haya nitakayoyasema. Winchi zilizojaa angani Nashville zimenilisha, zimenijengea mama yangu nyumba Tanga, na zimemsomesha mwanangu piano asiyoipenda.

Baada ya mafuriko serikali ya mji ilinunua nyumba zaidi ya 200 kwenye mabonde na kuzibomoa. Fedha za serikali kuu zinazotumika kwa kazi hiyo zina sharti moja: kiwanja kikishanunuliwa hivyo hakijengwi tena. Kibaki wazi, milele. Kinaweza kuwa uwanja wa majani, bustani, shamba la mchicha, lakini nyumba hapana, maegesho ya lami hapana.

Sikulitilia maanani sharti hilo mpaka walipokuja nyenze.

Nasema nyenze kwa kukosa neno jingine, maana nyenze wa kwetu wanalia kila mwaka na hakuna anayewaandika gazetini. Hawa wa hapa wanakaa chini ya ardhi miaka 13, wanafyonza maji ya mizizi ya miti, halafu udongo ukishafika joto la nyuzi 18 hivi kwenye kina cha shibiri moja, wanatoka wote kwa pamoja. Walitoka Mei 2011, majira yangu ya kwanza ya kuchipua. Niliamka nikadhani jirani ameacha mashine ya kukata majani ikinguruma. Nje udongo ulikuwa na matundu kama umechomwa kwa kidole, na kila shina la mti limevaa maganda ya rangi ya asali yenye miguu sita. Wadudu wenyewe ni weusi, macho mekundu, hawaumi, hawana akili ya kukwepa, wanakugonga usoni kama karanga. Mchana kelele yao ilikuwa inafunika honi za magari. Wiki sita, wakanyamaza. Mtu kazini akaniambia watarudi 2024 na nikacheka, kwa kuwa mpango wangu ulikuwa kukaa Marekani miaka mitatu.

Hesabu sasa walichokikosa wakiwa chini.

Mei 2013 lilifunguliwa jumba kubwa la mikutano katikati ya mji, na hoteli zikaanza kulizunguka kama vifaranga. Novemba 2018 Amazon ilitangaza ajira 5,000. Aprili 2019 mji ulikuwa mwenyeji wa sherehe ya siku tatu ya kuchagua wachezaji wa mpira wa Kimarekani, watu wakahesabiwa 600,000, na hapo ndipo palipotokea kisa cha micheri, ile miti ya cheri. Ili jukwaa lienee pale ukingoni mwa mto, zilitolewa habari kwamba micheri 21 ya First Avenue itakatwa. Mwisho wa Machi! Ikiwa imechanua! Mji huu ulikuwa umevumilia kubomolewa studio, makanisa, na mitaa mizima ya nyumba za mbao, lakini hilo lilimkwama kila mtu kooni. Makumi ya maelfu wakatia saini kupinga kabla wiki haijaisha. Idadi ikapunguzwa, na kuhusu ile ya kuondolewa tukaambiwa itang'olewa na mizizi yake ihamishiwe pengine badala ya kukatwa. Nilikuwa navuta nyaya ghorofa ya tisa siku zile na saiti nzima ilizungumzia micheri. Mpaka foroman wetu, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akiusifia mti wowote usiokuwa mbao, alisema hii sasa imezidi.

Machi 3, 2020, baada ya saa sita usiku, tonado ilipita kutoka North Nashville, ikakata Germantown, ikavuka mto hadi East Nashville na kuendelea mashariki. Usiku ule Tennessee ilipoteza watu 25, wengi wao wilaya ya Putnam, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka hapa. Huku kwetu kusini hatukuguswa. Jumamosi nilikwenda na wenzangu kufunika mapaa kwa maturubai, na Mzee alituongoza kwa kuwa mitaa ile anaijua kama kiganja chake. Nyumba moja tuliyoifunika ilikuwa ya bibi wa miaka zaidi ya 80. Tukiwa juu ya paa, nilihesabu wanaume watatu waliokuja mlangoni kwake kwa nyakati tofauti wakiwa na kadi mkononi. Watu wa bima? Hapana. Walikuwa wanataka kununua nyumba, taslimu, ilivyo, leo. Paa lilikuwa halijamaliza kuvuja. Bibi alikuwa anazipokea kadi kwa adabu zote na kuzipanga juu ya meza ya jikoni, pembeni ya vidonge vyake. Nilipita mtaa huo mwaka juzi. Pale pana nyumba mbili zinazoitwa hapa ndefu na nyembamba, zimebanana kwenye kiwanja kilichokuwa cha moja, madirisha meusi, mlango wa rangi ya limau. Umeme sikuufunga mimi, lakini ningeitwa ningekwenda.

Kisha Aprili 2021 Oracle, kampuni ya kompyuta, wakatangaza ajira 8,500 ng'ambo ya mto. Aprili 2023 baraza la mji likapitisha uwanja mpya wa mpira wa dola bilioni 2.1, ambapo bilioni 1.26 ni fedha za umma: milioni 500 za jimbo na milioni 760 za hati fungani za mji. Utakuwa na paa, umefungwa kabisa, unatarajiwa kufunguliwa 2027. Ukisimama juu ya saiti yetu unauona ukinyanyuka ubavuni mwa ule wa zamani, ambao una umri mdogo kuliko baadhi ya vijana wanaoujenga mpya, ulifunguliwa 1999. Habari hizi kubwa, sijui umeona, nyingi zinatangazwa majira ya kuchipua. Pengine ni kalenda ya bajeti tu. Mimi naona hata wenye fedha hapa wanapata wazimu wa Aprili.

Na chini ya yote hayo kuna mwamba. Nashville imekaa juu ya mawe ya chokaa, udongo wake ni blanketi jembamba, kwa hiyo msingi wa jengo la maana hauchimbwi kwa koleo. Unapigwa baruti. Honi inalia, watu wanasimama, ardhi inashtuka chini ya buti kama ng'ombe aliyechomwa na mbung'o, vumbi, kazi inaendelea. Nimezoea kiasi kwamba kahawa yangu haimwagiki. Lakini kila honi ile siku hizi inanikumbusha wale wadudu, wamelala kwenye blanketi hilo jembamba, wamehesabu mwaka wa tisa, wa kumi.

Mei 2024 wakatoka. Redio zote zilikuwa zinawazungumzia, maana mwaka huo kundi letu la miaka 13 lilitoka pamoja na kundi jingine la miaka 17 lililoko Illinois, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1803. Nilimchukua binti yangu, ana miaka 11, nimwonyeshe mahali nilipowaona mara ya kwanza: nyuma ya apatimenti yangu ya zamani palikuwa na uwanja wa majani na miti ya jozi. Pana maegesho sasa, na majengo mawili ya ghorofa nne, na kwenye kila kisiwa cha maua kipeasi cha Bradford kimefungwa kigingi. Tulisikiliza. Kulikuwa na mlio, lakini unatoka mbali, ng'ambo ya barabara. Binti yangu akaniuliza wale wa hapa wako wapi. Nilimwonyesha lami. Alitazama chini muda mrefu, halafu akasogea akasimama kwenye ukingo wa saruji, kama mtu anayeogopa kumkanyaga aliyelala.

Shambani hali ilikuwa nyingine. Tulifika hatusikilizani. Matundu kila mahali, katikati ya matuta ya mchicha, kando ya zile ngazi mbili za zege, maganda yamening'inia kwenye nguzo za nyanya. Jua likiwaka kelele inapanda, wingu likipita inashuka, kama kuna mtu anazungusha kitufe. Mama wa Bukavu alimshika mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza tumbo, akaniuliza kwa umakini wote, "Kaka, hii banakulaka?" Nikamwambia sina hakika, watu wa Bukoba wangejua. Jioni alinitumia picha ya kikaango. Alisema si senene, lakini kwa chumvi na pilipili mtoto wake wa mwisho amemaliza sahani.

Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu. Hii ilikuwa mara yake ya sita au ya saba kuwaona, alikuwa anajaribu kuhesabu. Aliniambia, kwa kunipigia kelele sikioni, kwamba mwaka 2011 nyumba iliyokuwa hapa ilikuwa tupu, inasubiri kubomolewa, na kwamba kama maji yasingekuja leo tungekuwa tumesimama sebuleni kwa mtu. Au, akaongeza, kwenye maegesho ya mtu.

Nimelifikiria sana hilo mwaka mzima huu. Katika mji wote huu wenye njaa ya viwanja, kipande pekee ninachokijua ambacho hakuna anayeweza kukinunua, kukipasua baruti na kukipandishia ghorofa, ni kile ambacho maji yaliwafukuza watu. Sikisifii. Kuna familia zilizolia pale. Na nina mjomba aliyekuwa bonde la Msimbazi Desemba 2011, mwaka uleule wa nyenze, mvua ilipowaondoa yeye na jirani zake hadi Mabwepande, na ukimwambia kwamba mafuriko yanaokoa ardhi atakutazama kwa namna ambayo hutalirudia neno hilo. Yeye alipoteza nyumba yenye vyumba vinne na wapangaji watatu. Nasema tu kilichopo.

Majira haya, ya 2025, yamekuwa mazito. Februari 1 kodi ya mauzo ilipanda kutoka asilimia 9.25 hadi 9.75. Ile nusu ni ya mabasi na njia za miguu, na ilipitishwa kwa kura Novemba 2024, karibu theluthi mbili ya wapiga kura. Sina uchungu nayo. Mama wa Bukavu anatembea kwenye majani kando ya barabara ya magari ya kasi kwenda kituo cha basi, ndoo ya mboga kichwani. Ahadi ni maili 86 za njia za miguu na ninaomba moja yao ipite kwake. Kuanzia Aprili yakaja matokeo ya kuthamini upya nyumba, ambayo hufanywa kila miaka minne. Ongezeko la kati kwa wilaya yetu ya Davidson ni asilimia 45. Sheria inataka kiwango cha kodi kishushwe kwanza ili mji usivune tu kutokana na thamani kupanda, lakini ukiishi mtaa uliopanda kuliko wengine wewe ndiye utakayewalipia wengine. Mimi nilinunua 2016, nimo kwenye faida, kwenye karatasi. Rafiki yangu Mrundi aliyekuwa anapanga mtaa wa nyuma amehamia La Vergne, mji wa jirani, na pale hana uhakika atakaa. Na mwanzoni mwa Mei maofisa wa uhamiaji pamoja na polisi wa barabara kuu walisimamisha magari usiku baada ya usiku huku kwetu kusini, watu karibu 200 wakakamatwa. Wiki hiyo saiti yetu ilikuwa na vyombo vingi kuliko watu. Winchi ilisimama saa nzima ikiwa na mzigo hewani.

Mwanzoni mwa Aprili mvua ilikuja siku kadhaa mfululizo. Mill Creek ulipanda, maji yakaingia shambani mpaka ngazi ya kwanza ya zege, yakakaa siku moja yakaondoka. Yaliacha tope jeusi laini unaloweza kulipaka mkate. Mzee alilichota kiganjani akalinusa kama mtu anayeonja tumbaku. Tukapanda mchicha wiki mbili baadaye. Yeye alisema tusubiri. Hatukusubiri.

Juzi saa mbili usiku akanipigia simu. Hakusalimia, akasema tu: blackberry. Nikatazama nje, mbingu safi, nyota zimekaza. Mchicha wetu ulikuwa na majani manne manne, na mchicha hauna ubishi na baridi. Nyuma ya gari langu nilikuwa na mikunjo mitatu ya nailoni nzito, ile tunayofunikia madirisha ya ghorofa kabla vioo havijafika. Mabaki, yalikuwa yanakwenda jalalani. Nikampakia binti yangu akiwa na nguo za kulalia na buti, tukampitia mama wa Bukavu, tukamkuta Mzee ameshawasha taa za gari lake kuelekea kwenye matuta. Tukakunjua. Nailoni ilikuwa na maandishi ya kampuni na namba ya ghorofa, 22, kwa rangi nyekundu. Binti yangu alikuwa anabeba mawe ya kukandamizia kingo, na kila anapoweka moja anakanyagakanyaga udongo taratibu kuzunguka.

"Wako miaka mingapi sasa?" akaniuliza.

"Mmoja."

Akaenda kutafuta jiwe jingine.